Malisho ya kuzungusha: mwongozo kamili wa kutunza shamba kwa mdomo wa mifugo

Ntaanza na kosa, maana karibu kila anayeniuliza kalifanya lile lile. Mtu ana eneo limejaa vichaka na nyasi za kiunoni, anasikia mbuzi wanasafisha shamba, ananunua mbuzi nane, anazungushia fensi eneo zima, anawaachia humo ndani na kwenda zake. Mwezi wa kwanza raha, anatuma picha. Mwezi wa tatu nyasi tamu zimekwisha, magugu machungu yamesimama yanatamba, udongo unaonekana, mbuzi wanaharisha, na yeye sa hizi ananunua majani ya kuwalisha wanyama aliowaleta wale majani.

Mara nyingi shida sio wingi wa wanyama wala udogo wa eneo. Shida ni siku. Mnyama akikaa sehemu moja muda mrefu anarudi kung'ata jani lile lile lililochipua juzi, kwa sababu jani changa ndo tamu, sasa lile zuri linang'atwa mara ya pili na ya tatu kabla mizizi haijapata nguvu, na lile baya haliguswi hata siku moja. Fanya hivyo msimu mzima, umeyalima magugu kwa mdomo wa mbuzi.

Kwa hiyo yote yaliyoko hapa chini ni kazi moja tu: kuwahamisha kabla hawajang'ata mara ya pili, na kutowarudisha mpaka majani yapone.

Vitu vya kuwa navyo KABLA ya kuleta mnyama

- Fensi ya nje iliyo imara. Ya ndani inaweza kuwa nyepesi, ya nje hapana.
- Kitu cha kugawia vipande ndani: waya wa umeme wa kuhamishika na vigingi vyake, au neti ya umeme, au kama mfuko hauruhusu, kamba na kigingi kwa kila mnyama.
- Kama unatumia umeme: chaja ya fensi (ya sola au betri), fimbo 3 za eathi (zinazochomekwa ardhini ili umeme upate njia ya kurudi), na kipima volti cha fensi. Hicho kipima watu wanakiruka halafu wanakuja kulia.
- Maji yanayoweza kuhama: beseni, mpira, au pipa lenye bomba.
- Kivuli kwenye kila kipande, hata cha turubai.
- Jiwe la chumvi yenye madini. Kondoo apewe la kondoo peke yake, mawe ya ng'ombe na mbuzi mara nyingi yana shaba nyingi na shaba inajikusanya kwenye ini la kondoo taratibu mpaka siku moja inamuua.
- Mundu, mzani wa kuning'iniza, na fremu ya fito ya nusu mita kwa nusu mita.
- Daftari. Simu sawa, ila daftari halizimiki chaji.
- Namba ya daktari wa mifugo ambaye umeshaongea naye, sio unayeanza kumtafuta saa nane usiku.

Hatua ya 1: Tembea shamba kwanza, mnyama baadaye

Zunguka eneo lote na daftari. Andika wapi kuna nyasi, wapi vichaka, wapi panatuama maji, wapi kuna miti unayotaka ibaki. Hii inakuamulia mnyama, na watu wengi wanafanya kinyume, wananunua mnyama waliyempenda halafu wanalazimisha shamba limfuate.

Ng'ombe anazungushia ulimi kwenye shungi la majani na kuling'oa, hivyo anataka majani marefu na akikuta mafupi anashinda njaa. Kondoo ana mdomo mwembamba, anakata chini kabisa karibu na udongo, mzuri kwa nyasi fupi na magugu laini, ila ukimsahau siku mbili anakunyoa shamba upara. Mbuzi kiasili anakula kichwa kikiwa juu: majani ya vichaka, matawi, maganda ya miti. Ukimweka mbuzi kwenye nyasi fupi tupu umemnyima chakula chake na umempeleka minyoo ilipo, tutafika huko.

Kama eneo lako ni nyasi tupu, chukua kondoo au ng'ombe. Kama ni pori, mbuzi. Kama ni mchanganyiko, mchanganyiko ni bora kuliko aina moja.

Tahadhari: ng'oa au zungushia mimea yenye sumu kabla hujafungulia. Lantana, mnyonyo, majani ya mparachichi, na mtama mchanga, hasa ule ulionyauka kwa jua au uliochipua upya baada ya ukame, una sianidi na unaua haraka. Mnyama aliyeshiba huwa anaonja na kuacha, mwenye njaa anafakamia. Sumu nyingi za shambani ni habari ya njaa.

Umefaulu hatua hii kama una ramani ya mkono, hata mbaya, inayoonyesha wapi pana nini.

Hatua ya 2: Pima majani, usikadirie kwa macho

Hapa ndo wengi wanachoka wanaruka. Usiruke, ni nusu siku tu.

Tupa fremu yako sehemu 6 au zaidi, na usichague zilizonona. Kata majani yote ndani ya fremu mpaka chini, pima, tafuta wastani. Kisha chukua fungu moja ulianike mpaka uzito uache kushuka, maana maji sio chakula, na majani mabichi ya msimu wa mvua yanaweza kuwa maji asilimia 80.

Mfano. Fremu imetoa gramu 250 mbichi, zikikauka zinabaki gramu 50. Fremu ni robo ya mita ya mraba, zidisha kwa 4, una gramu 200 za majani makavu kwa kila mita ya mraba. Sasa gawa kwa mbili. Nusu ni ya mnyama, nusu ni ya mmea. Hii nusu sio huruma, ni mizizi: jani likiondolewa mpaka nusu mizizi inaendelea kukua karibu kama kawaida, ukivuka hapo inaanza kusimama, na ukifika kama asilimia 80 inasimama kabisa na mmea unabaki unakula akiba yake. Kwa hiyo una gramu 100 za kutumia.

Upande wa mlaji: mbuzi au kondoo kwa siku anakula majani makavu yapata asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake, ng'ombe asilimia 2.5 hadi 3. Mbuzi nane wa kilo 30 ni kilo 240, mahitaji yao yanakuja kama kilo 9 kwa siku. Kilo 9 gawa kwa gramu 100, unapata mita za mraba 90 kwa siku kwa kundi zima.

Ulitegemea zaidi, sio? Kila mtu anashangaa hapo. Wanyama wengi kwenye eneo dogo kwa muda mfupi, ndo siri yenyewe, wanakula bila kuchagua sana na wanagawa samadi sawasawa, wakiachiwa eneo kubwa wanakuwa kama mtoto mbele ya sahani, nyama kwanza, mboga hazioni.

Hatua ya 3: Gawa vipande

Amua mambo mawili: siku za kukaa na siku za kupumzisha.

Kukaa: siku 3, ukizidi sana 4, msimu majani yanapokua. Kwa nini? Kwa sababu majani yenye unyevu na joto yanachipua ndani ya siku tatu nne, na hilo chipukizi ndo lile hatutaki ling'atwe. Ukiweza kuhamisha kila siku, bora zaidi.

Kupumzisha: siku 25 hadi 40 majani yakiwa yanakimbia, 60 hadi 90 au zaidi yakisinzia.

Idadi ya vipande = siku za kupumzisha, gawa kwa siku za kukaa, ongeza 1. Kwa mfano wetu, 36 kwa 3 ni 12, ongeza kimoja wanachokalia, 13. Kila kipande mita za mraba 90 mara siku 3, yaani 270. Jumla 3,510, ongeza robo kwa majani yatakayokanyagwa na kuchafuliwa, unafika kama 4,400, ekari moja na kidogo. Hiyo ni kwa msimu mzuri tu, usije ukasema niliandika ekari moja inatosha mwaka mzima.

Huhitaji kujenga vipande 13 siku moja. Unahitaji vifaa vya vipande viwili, wanachokula leo na cha kesho, unavihamisha mbele kama mtu anayevuka tope kwa mbao mbili.

Maji yafuate wanyama. Ukiweka beseni moja sehemu moja msimu mzima, njia ya kwenda majini inakuwa barabara ya vumbi na samadi yote inarundikana pale. Mbuzi mmoja anataka kama lita 4 hadi 8 kwa siku kulingana na joto na kama ananyonyesha, ng'ombe wa maziwa anaweza kupita lita 50.

Wanaotumia kamba: ngojeni kidogo. Mbuzi mmoja kwa hesabu yetu anahitaji kama mita za mraba 11 kwa siku. Kamba ya mita 2 inachora duara la mita za mraba 12 na kitu, siku moja hiyo. Kamba ya mita 5 inachora 78, chakula cha wiki nzima, ndo maana watu wanaipenda, wanafunga Jumatatu wanakumbuka Jumapili, na kosa liko hapo hapo, ikifika siku ya nne anarudia alipoanzia. Kamba ndefu sio vibaya, ila hamisha kigingi kila siku bila kujali majani yaliyobaki. Weka kiungo kinachozunguka kwenye kigingi ili isijisokote, mfunge kwa mkanda wa shingo sio kitanzi kinachokaza, na usimfunge karibu na mteremko au kisiki. Na usiende mbali, mnyama wa kamba hana pa kukimbilia mbwa.

Hatua ya 4: Fensi ya umeme, na kuwafundisha kuiheshimu

Tahadhari ya kwanza na ya mwisho: usiunganishe waya wa fensi na umeme wa nyumbani moja kwa moja, utaua mtu. Chaja ya fensi inatoa mpigo mfupi mfupi, ndo inauma bila kuua. Na usipitishe umeme kwenye seng'enge yenye miiba, anayenaswa hawezi kujitoa.

Ng'ombe aliyezoea anazuiliwa na waya mmoja usawa wa pua. Kondoo na mbuzi wanataka waya 3 au 4, wa chini kabisa kama sentimita 20 kutoka ardhini, maana mbuzi anajaribu kupita chini kabla hajafikiria kuruka. Volti: ng'ombe isishuke 3,000, mbuzi na kondoo 4,000 kwenda juu, na upime ncha ya mbali kabisa, sio pale chaja ilipo.

Fensi isipouma, angalia eathi kabla hujalaumu chaja. Mi mwenyewe nilihangaika wiki mbili, mbuzi wanapita kama hakuna kitu, nikaenda nikanunua chaja nyingine kubwa, wanapita vile vile, mmoja anatafuna huku ananiangalia. Kumbe eathi yangu ilikuwa kipande cha nondo cha nusu mita, kimepakwa rangi, kwenye udongo mkavu. Umeme hauna njia ya kurudi, basi haumi. Weka fimbo 3 za chuma kisichoshika kutu, kila moja ishuke karibu mita 2, umbali wa mita 3 kati yao, ziunganishe kwa waya mmoja, na udongo ukikauka sana zimwagie maji. Halafu fyeka majani yanayogusa waya, kila jani bichi linaiba umeme.

Kufundisha: tengeneza kizizi kidogo chenye uzio wa kawaida ulio imara, pitisha waya wa umeme kwa ndani, waache siku mbili. Watanusa, pua ina unyevu, watapigwa, watarudi nyuma. Ukiruka hatua hii mnyama atakutana na waya kwa mara ya kwanza akiwa anakimbia, atapita mbele badala ya kurudi nyuma, na akishajifunza kwamba kupita kunawezekana, kumbadilisha ni kazi.

Neti ya umeme ni rahisi kuhamisha ila usiiache bila umeme hata usiku mmoja. Mbuzi mwenye pembe anaingiza kichwa, anajisokota, asubuhi unakuta maiti.

Umefaulu ukiona wanyama wanakula mpaka karibu na waya kisha wanasimama wenyewe, na jani upande wa pili linapepea wanalitazama tu.

Hatua ya 5: Kuingiza na kutoa

Ingiza majani yakiwa shubiri moja hadi moja na nusu. Toa yakifika urefu wa ngumi, sentimita 10 hivi. Piga ngumi chini, kama majani yanafika juu ya ngumi bado uko salama, kama ngumi inayazidi umechelewa. Kalenda inasaidia kupanga, ngumi ndo inaamua.

Hamisha mchana au alasiri, umande ukiwa umekauka, na usiwapeleke na njaa kwenye majani mabichi ya jamii ya kunde kama lusini. Wape nyasi kavu kwanza. Tumbo la mnyama anayecheua linachachusha chakula muda wote na gesi inatakiwa itoke kwa kubeua, sasa majani hayo yakiwa mabichi na maji yanatengeneza povu, gesi inakwama. Utaona ubavu wa KUSHOTO umevimba, ukigonga kwa kidole unalia kama ngoma, mnyama anapiga tumbo kwa mguu, anahema. Hiyo ni dharura ya dakika, sio ya kesho: mpigie daktari hapo hapo, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu mlimani, mwondoe kwenye majani. Mafuta ya kula yanasaidia kuvunja povu lakini kiasi na namna ya kunywesha akuelekeze daktari, yakiingia kwenye mapafu umeongeza tatizo.

Ubavu huo huo wa kushoto ndo unakwambia kama kipande kinatosha. Jioni simama nyuma ya mnyama, tazama pembetatu iliyo nyuma ya ubavu wa mwisho, chini kidogo ya mgongo. Ikiwa imejaa, ameshiba. Ikiwa imezama kama bakuli, hajala vya kutosha, hamisha leo hata kama ulipanga kesho. Huhitaji mashine, unahitaji kutazama sehemu hiyo kila jioni kwa wiki mbili mpaka jicho lizoee.

Wakianza kulia wakikuona, sio lazima wana njaa. Wameshajua wewe ndo mlango wa kipande kipya. Usihamishe kwa makelele, hamisha kwa ngumi na ubavu.

Hatua ya 6: Minyoo, muuaji wa kimya wa mbuzi na kondoo

Mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi, kwenye joto na unyevu yanageuka mabuu yenye uwezo wa kuambukiza ndani ya wiki moja hivi, wakati mwingine siku 4 au 5 tu, kisha yanapanda majani kwa kufuata unyevu. Hayapandi juu sana, mengi yako chini ya sentimita 10.

Ukitazama namba hizo utaona zinaendana na zetu: unahama siku ya 3 au 4, kabla mabuu hayajawa tayari, na unaacha sentimita 10. Kuhama mapema na kuacha urefu wa ngumi kunalinda jani na kunalinda tumbo kwa pamoja. Ndo maana mbuzi wa kwenye eneo moja wanaharisha na dawa haimalizi, wanakula mabuu yao wenyewe kila siku.

Kingine, ng'ombe wakubwa wakipita baada ya mbuzi wanameza mabuu ya mbuzi na mengi yanafia humo, kila mmoja ana minyoo yake kwa sehemu kubwa. Mbuzi na kondoo lakini wanashirikiana minyoo, kwa hiyo kuwafuatanisha hao wawili hakusaidii.

Kila wiki mbili msimu wa unyevu, shusha kope ya chini utazame rangi ya ndani. Nyekundu au waridi iliyokolea, sawa. Nyeupe kama karatasi, damu inanyonywa, mtibu leo. Uvimbe laini chini ya taya pia ni ishara. Tibu wanaohitaji tu, usinyweshe kundi zima kila mwezi kwa mazoea, unawafuga minyoo wasiosikia dawa. Kipimo cha mbuzi mara nyingi hakifanani na cha kondoo, muulize daktari, na heshimu siku za kutokunywa maziwa wala kula nyama baada ya dawa.

Hatua ya 7: Kuua vichaka kwa makusudi

Hapa tunavunja sheria yetu, na tunaivunja kwa akili. Ulichotaka kipone ulikipumzisha. Sasa ambacho hukitaki, king'atwe mara ya pili KABLA hakijapona.

Funga mbuzi wengi kwenye kipande kidogo cha vichaka mpaka majani yote yaishe na matawi membamba yabaki uchi. Waondoe. Kichaka kitatumia akiba ya mizizi kutoa majani mapya. Yakishachanua vizuri, kwenye wiki 4 hadi 6, ile akiba imetumika na haijarudishwa, warudishe. Tena na tena. Vichaka vigumu vinachukua misimu miwili mitatu, anayekwambia mwezi mmoja anakuuzia mbuzi. Ukipita na panga kukata mashina makavu unapata na kuni.

Linda miti unayoitaka, iwe ya matunda au ya kivuli: mbuzi anasimama kwa miguu miwili na kufika zaidi ya mita moja na nusu, na akimenya ganda kuzunguka shina zima mti umekufa, hakuna dawa. Na usiwashindishe kwenye vichaka vitupu ambavyo hawavitaki mpaka wakonde, mama mwenye mimba au anayenyonyesha usimpe kazi hii kabisa.

Mafanikio: mara ya tatu majani yanarudi madogo na machache, na chini yake nyasi zimeanza kuota kwa sababu mwanga umefika.

Hatua ya 8: Samadi iende unakolima

Badala ya zizi moja la usiku ambalo baadaye unalibeba kwa toroli, weka zizi la kuhamishika juu ya shamba utakalopanda. Walale hapo siku 5 hadi 7, mpaka ardhi ifunikwe samadi na mkojo, sogeza. Mvua ikinyesha sana sogeza mapema, tope linaozesha kwato. Uzio uwe wa kuzuia wanyama wakali na wezi, kwa usiku neti nyepesi haitoshi.

Kwa mboga zinazoliwa mbichi weka miezi 4 kati ya samadi mbichi na kuvuna.

Kama una kuku, wapitishe siku 3 au 4 baada ya ng'ombe. Funza wa nzi wamenona ndani ya samadi, kuku wanachakura kuwafuata na kuitawanya samadi bila wewe kushika reki. Chakula cha kuku kiwe mbali kabisa na mbuzi na kondoo, wakivamia nafaka tumbo linachacha, wanaweza kufa.

Hatua ya 9: Msimu majani hayakui

Kila mwaka upo, na kila mwaka watu wanashtuka. Hesabu sasa: siku ngapi majani yatalala? Tuseme 120. Mbuzi nane, kilo 9 kwa siku, ni kilo 1,080 za majani makavu kabisa. Nyasi zilizoanikwa bado zina unyevu kidogo, weka kama kilo 1,240. Mabunda ya kilo 20, yanakuja 62, na uongeze kadhaa ya kuharibika.

Kata nyasi zikianza kutoa maua, sio zikishakomaa mbegu, hapo zimekuwa miti. Anika siku 2 au 3 huku unageuza. Chukua konzi, isokote: ikikatika bila kutoa maji iko tayari. Ikifungwa na unyevu inaota ukungu, na rundo kubwa linaweza kupata joto mpaka kuwaka lenyewe. Boksi la mbao lisilo na sakafu, sentimita 85 kwa 55 kwa 45, linakutengenezea bunda zuri, tandaza kamba kwanza, kanyaga nyasi, funga.

Kama akiba haifiki, punguza wanyama MAPEMA, wakiwa na nyama, maziwa yakiwa bado yanatoka. Anayesubiri anauza mifupa na wakati huo huo shamba limeshanyolewa. Anza na wasiozaa, wakorofi wa fensi, na wale wanaotibiwa minyoo kila mara.

Chumvi, chanjo na dawa utaendelea kununua, nisikudanganye. Kinachokatika ni majani ya kununua, mbolea, vibarua wa kufyeka na mafuta ya mashine, halafu maziwa na nyama vinatoka pale pale.

Ukikwama

Majani hayarudi hata baada ya siku 36: usiingize, ongeza siku. Kalenda imekosea, majani hayakosei. Washushe kwenye kipande kimoja cha kujitolea mhanga, walishe nyasi kavu humo, vingine vipumue.

Majani yamekuzidi, yamekomaa kabla hujafika: ruka hicho kipande, kikate uanike, endelea na kinachofuata.

Wanakula sehemu na kuacha sehemu: kipande ni kikubwa. Kigawe katikati, siku moja na nusu kila upande.

Mmoja anatoroka kila siku na wengine wameanza kumfuata: pima volti kwanza, kagua waya wa chini. Kama fensi iko sawa na bado anapita, huyo muuze, tena haraka, kabla hajamaliza kuwafundisha wenzake.